Kucheza kwa mtoto si anasa: bonanza la mtaani lina faida gani hasa?

Kila Juni 11 inapokaribia, swali lilelile hurudi. Mtu anaona picha za watoto wanaoruka kamba uwanjani, pembeni wamesimama watu wazima waliovaa fulana za rangi moja, na anauliza: hawa wengine hawana hata madaftari, wengine hawana uhakika wa chakula cha jioni, halafu mnawapelekea mipira? Juni 11 ni Siku ya Kimataifa ya Kucheza. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha Machi 2024 na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza Juni mwaka huohuo, kwa hiyo bado ni changa, na wengi hawajaelezwa inahusu nini.

Anayeuliza hivyo si mtu mbaya. Mara nyingi anauliza kwa uchungu, kwa sababu anawajua watoto hao na anaijua hali ya nyumbani kwao. Kinachonisikitisha ni jibu analopewa: "Tunawapa furaha." Furaha ni jambo jema, lakini kama faida yote ni furaha ya saa tatu, basi muulizaji ana haki ya kutoridhika. Naamini faida ni kubwa kuliko hiyo. Naamini pia kwamba matamasha mengi hayaifikii, kwa sababu waandaaji wenyewe hawajaelewa ni kitu gani hasa kinachomsaidia mtoto pale uwanjani. Ndiyo maana nimeona tulifumue jambo hili polepole.

Mchezo upi tunauzungumzia

Lugha yetu inatuchanganya kidogo hapa. Neno mchezo limebeba mambo mengi kwa mpigo. Mechi ya ligi ni mchezo. Maigizo ya jukwaani ni mchezo. Mtoto anayepanga visoda mstari mmoja na kuviita wanafunzi wake, naye yuko mchezoni. Halafu tunasema "hii si mchezo" tukimaanisha jambo zito, na mzazi akikasirika humwambia mtoto "acha mchezo, fanya kazi". Aliyekua akisikia maneno hayo, ukimwambia unaandaa siku ya watoto kucheza, anachosikia ni siku ya mambo yasiyo na uzito.

Tutenganishe basi. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unaitaja katika Ibara ya 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mwaka 2013 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa ufafanuzi wa ibara hiyo, na maana iliyoipa kucheza inafaa kushikwa vizuri: ni shughuli ambayo watoto wenyewe wanaianzisha, wanaiongoza na kuipangia utaratibu. Hailazimishwi. Inafanywa kwa ajili yake yenyewe, wala si kwa ajili ya zawadi au cheti.

Chukua mbio za magunia. Mtu mzima anapanga mistari, anapuliza filimbi, anatangaza mshindi. Watoto wanafurahi, na hakuna ubaya, lakini hayo ni mashindano. Mbio zikiisha, watoto watatu wanayachukua yale magunia, wanajifunika, na ghafla wao ni kobe wanaovuka mto, na mwenzao wa nne ni mamba. Hapo ndipo wanacheza kwa maana ya ile ibara. Tofauti hii ni ndogo machoni, ila ndiyo inayoamua kama siku nzima imemfaa mtoto au imempita.

Bonanza, tamasha, siku ya michezo: majina ni mengi. Hapa nazungumzia jambo moja, yaani watu wa eneo fulani, kwa nguvu zao au kwa msaada wa shirika, kutenga mahali na muda ili watoto wa hapo wacheze pamoja.

Na "watoto wanaoishi katika mazingira magumu" ni akina nani? Tumezoea kuwaza umaskini wa fedha peke yake. Umaskini upo, tena ni sehemu kubwa. Lakini yumo pia mtoto mwenye ulemavu anayefungiwa ndani, mtoto mkimbizi, anayelelewa kituoni, anayefanya kazi badala ya kwenda shule, na yule anayemuuguza mzazi wake kila siku tangu asubuhi. Wengine wana chakula na nguo. Wanachokosa ni nafasi, muda, usalama, wenzao, au ruhusa.

"Lakini watoto maskini si wanacheza siku zote?"

Hoja hii huletwa na watu makini, na wana ukweli ndani yake. Pita kwenye makazi yoyote yaliyosongamana, utakuta watoto wanafukuzana. Hawahitaji mtu atoke mbali kuja kuwafundisha kucheza, na mwandaaji anayefika na dhana hiyo anawakosea heshima.

Mimi huufananisha mchezo na usingizi. Kila mtoto amezaliwa anajua kulala, hafundishwi. Hata hivyo kelele zinaweza kumnyima usingizi, njaa pia, kunguni, hofu ya mlevi anayegonga mlango usiku. Ukitaka mtoto huyo alale humfundishi kulala, unaondoa kinachomzuia. Kucheza kuko hivyohivyo. Uwezo upo, vizuizi ndivyo vingi. Uwanja uliokuwapo umejengwa. Barabara iliyokuwa kimya sasa inapita magari na pikipiki. Jirani ananyamazisha kelele. Mtaa una watu ambao mama hawaamini, kwa hiyo anaona heri mtoto akae ndani. Binti ana mdogo wa kumbeba, maji ya kuteka na vyombo vya kuosha, na akimaliza giza limeshaingia.

Siku ya kucheza, ikiandaliwa vizuri, inaviondoa vizuizi hivyo kwa saa kadhaa, na hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza. Barabara inafungwa, watu wazima wanasimama pembeni kulinda, kazi za nyumbani zinaahirishwa, na mtoto anaambiwa kwa maneno na kwa vitendo kwamba muda huu ni wake.

Sekunde tisini uwanjani

Watu wakiambiwa kuwa mtoto hujifunza akicheza, wengi huwaza herufi za kuchezea na nyimbo za kuhesabu. Si hivyo tu. Sogea karibu utazame watoto watano wanaofukuzana.

"Nimekugusa!"
"Hujanigusa, umegusa shati."
"Shati nalo ni wewe!"
"Tulisema shati halihesabiki."
"Nani alisema?"

Wanasimama. Mkubwa wao ana hasira, ngumi imeshakunjwa. Mdogo ameanza kulengwalengwa na machozi. Wa tatu anasema, basi turudie, ila kuanzia sasa shati linahesabika. Wanatazamana. Mkubwa anaachia ngumi. Wanaanza upya.

Yote hayo yamechukua sekunde tisini hivi. Ndani yake mkubwa ameizuia hasira yake, kwa sababu akipiga mtu mchezo unakufa na yeye hataki ufe. Mdogo amejua kwamba anaweza kumpinga mkubwa na bado akabaki kundini. Wa tatu ameandika sheria mpya na kuwashawishi wenzake waikubali. Na wote wamegundua kwamba sheria zinatokana na makubaliano, kwamba zinaweza kubadilishwa, na kwamba zikishabadilishwa zinamhusu kila mmoja. Mtu mzima angeingia kati sekunde ya kumi na kuamua nani mkosaji, somo lote lingepotea.

Kwa mtoto anayetoka kwenye nyumba tulivu, hilo ni zoezi mojawapo kati ya mengi. Kwa mtoto ambaye nyumbani ugomvi huishia kwenye kipigo, huenda ndiyo mara ya kwanza wiki hiyo kuona hasira ikipanda na kushuka bila mtu kuumia.

Hapo kuna jambo la mwili pia. Tumepewa king'ora ndani yetu. Hatari ikitokea, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, akili inaacha kila kitu na kutafuta njia ya kutoka. King'ora hicho kimekusudiwa kulia, kisha kuzimwa. Mtoto anayeishi kwenye vurugu, njaa au hofu ya kila siku, king'ora chake hakizimwi sawasawa, na mwili unaokaa macho muda wote hauna nafasi ya kujifunza, kukumbuka wala kutulia darasani. Watafiti wa makuzi huiita hali hii msongo sumu. Wanaeleza pia kwamba kinachoweza kumkinga mtoto dhidi yake ni uhusiano thabiti na mtu mzima anayemjali. Kucheza hakuondoi chanzo cha hofu, lakini kunampa mwili wake zoezi la kuwasha na kuzima. Anayefukuzwa na "mamba" anaogopa kweli, moyo unadunda kweli, kisha anacheka. Anaizoea ile njia ya kutoka kwenye hofu hadi utulivu, mahali ambapo hofu yenyewe haina madhara.

Chakula kwanza?

Nirudi kwa yule muulizaji wa mwanzo. Je, si bora fedha za mipira zinunue chakula?

Kuna utafiti mmoja ambao nadhani kila anayeuliza hivyo anapaswa kuujua. Miaka ya 1980, katika mji wa Kingston nchini Jamaika, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya watu maskini. Waliwagawa makundi manne. Kundi moja lilipewa nyongeza ya lishe. La pili lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii kwa saa moja kila wiki. Mhudumu alileta vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani, na alimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. La tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata hata kimoja. Zoezi lilidumu miaka miwili.

Watoto hao walifuatiliwa hadi utu uzima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba, miaka 20 baadaye, waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa wanapata kipato kilichozidi kwa takribani asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakutembelewa. Nyongeza ya lishe peke yake haikuacha alama ya namna hiyo.

Nawaomba wasomaji wasilinukuu hili vibaya. Halisemi kwamba chakula hakina maana, na mtu yeyote anayemnyima mtoto chakula ili ampe mpira amepotoka. Linachosema ni kwamba mchezo si kitu cha kusubiri foleni hadi mahitaji mengine yote yaishe. Mtoto hakui kwa zamu, mwaka huu tumbo, mwaka ujao akili. Vyote vinakua siku hiyohiyo, na miaka ya utotoni haijirudii.

Ila soma tena, maana kuna jambo la pili ambalo wapenda matamasha hulipita haraka. Kilichofanya kazi Kingston hakikuwa siku moja. Kilikuwa saa moja kila wiki kwa miaka miwili, na mama ndiye aliyeachiwa ujuzi. Kwa hiyo yeyote anayetaja utafiti kama huo ili kutetea bonanza la mara moja kwa mwaka, anadai kisichodaiwa. Siku moja haimtoi mtoto kwenye umaskini, na haizibi pengo la mwaka mzima.

Sasa siku moja inaweza nini? Inaweza kuwakutanisha watu. Mama aliyehamia mtaani miezi mitatu iliyopita anawajua majirani wawili; jioni ya bonanza anawajua kumi na mmoja, na mwanawe naye amepata mwenzake wa kumfuata kesho. Baba anayesema "sijui kucheza na watoto" anajikuta ameshika upande mmoja wa kamba. Mhudumu wa afya ambaye hakuna anayemfuata ofisini kwake anakaa kivulini, na wazazi wanamjia wakiwa wametulia, hawana hofu ya kuulizwa maswali. Mwalimu anamwona yule mtoto "mtundu" akipanga timu ya watoto kumi bila kupiga kelele. Haya ndiyo yanayobaki turubai likishakunjwa, kama kuna atakayeyaendeleza.

Maboksi

Mara ya kwanza niliposhiriki kuandaa siku kama hii, tulikuwa na ratiba iliyojaa. Mashindano tisa, kila moja dakika ishirini, vipaza sauti, na meza ya zawadi. Vifaa vilifika ndani ya maboksi makubwa, tukayatupa nyuma ya kibanda ili yasiharibu mandhari.

Saa tano asubuhi uwanja ulikuwa nusu tupu. Watoto walikuwa nyuma ya kibanda. Boksi moja lilikuwa basi, na kondakta wake alikuwa binti wa miaka saba hivi, anadai nauli kwa ukali. Jingine lilikuwa hospitali. La tatu lilikuwa limekatwa tundu, na ndani yake alikaa mvulana ambaye tangu afike hakuwa amesema neno. Sasa alikuwa anauza kitu kupitia dirishani, kokoto moja kwa jani moja, na foleni ilikuwa ndefu. Mmoja wetu alitaka kuwarudisha uwanjani kwa sababu mashindano ya nne yalikuwa yanachelewa. Nashukuru kwamba mama mmoja wa pale alimzuia.

Wapo waliolitambua jambo hili kabla yetu. Huko Denmark, mchoraji wa bustani aliyeitwa Carl Theodor Sørensen aliona kwamba watoto huacha viwanja vilivyopambwa na kwenda kucheza kwenye maeneo ya ujenzi, kwenye mbao na matofali. Mwaka 1943, nchi hiyo ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani, uwanja wa aina hiyo ulifunguliwa Emdrup, Copenhagen: mbao, matairi, udongo, na mtu mzima mmoja wa kuangalia. Baada ya vita, Mwingereza Marjory Allen aliutembelea, akalipeleka wazo hilo kwao, ambako viwanja vya namna hiyo vilianzishwa kwenye maeneo yaliyobomolewa na mabomu.

Kwa hiyo dhana kwamba siku ya kucheza ni ghali haina msingi. Kinachopandisha gharama ni fulana, mabango, majukwaa na kukodi majumba ya hewa ya kurukia. Watoto wanahitaji vitu vingi visivyo na kazi maalumu: maboksi, kamba, vitambaa, ndoo, maji, mchanga, matairi, magogo. Gari la kuchezea ni gari tu. Boksi ni gari, nyumba, jeneza, duka, au chochote mtoto anachokihitaji siku hiyo. Ndiyo, hata jeneza. Watoto waliofiwa huigiza mazishi, na ukiwaona usiwakatishe. Wanalichukua jambo lililowazidi na kuliweka kwenye kimo chao.

Anayesimama pembeni

Katika kila siku ya kucheza yupo mtoto anayesimama pembeni. Amegusa nguzo, anatazama. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Mtu mwenye moyo mzuri humshika mkono na kumvuta katikati: "Na wewe cheza!" Mtoto anajikunyata.

Mwaka 1932, mtafiti wa Marekani Mildred Parten alichapisha uchunguzi wake wa namna watoto wadogo wanavyoshiriki michezoni. Alieleza hatua kadhaa: kucheza peke yake, kutazama wengine, kucheza jirani na mwenzake bila kushirikiana, na mwishowe kucheza kwa pamoja. Kutazama ni mojawapo ya hatua hizo. Yule aliyeshika nguzo anafanya kazi kubwa: anasoma sheria, anapima nani mkali na nani mpole, anatafuta mlango. Mtoto aliyeumizwa na watu hupima kwa muda mrefu zaidi, na ana sababu. Kinachomsaidia ni mtu mzima kukaa karibu naye bila kumsemesha sana, akiwa na kamba au chaki mkononi. Mara nyingi mtoto ndiye huuliza la kwanza.

Kisha wapo wasiofika kabisa, na hao ndio siku hiyo ilikusudiwa wao. Binti mwenye mdogo mgongoni atakuja akae pembeni tu, mpaka pawepo mkeka na mtu anayeaminika wa kumpokea mtoto. Mtoto wa kiti cha magurudumu hawezi kupita kwenye mchanga laini, na anaweza kabisa kupita kama mbao mbili zimelazwa. Mtoto asiyesikia hapati taarifa za kipaza sauti. Anayefanya kazi Jumamosi hawezi kuja Jumamosi. Haya huonekana madogo wakati wa kikao cha maandalizi, kisha siku ikifika unakuta uwanja umejaa watoto walewale ambao hata bila bonanza wangecheza.

Zawadi, picha na jina "watoto maskini"

Hapa nina msimamo mkali kidogo. Usiandae siku ya "watoto maskini". Andaa siku ya watoto wa eneo hilo, wote, kisha hakikisha wale wenye hali ngumu zaidi wanafika. Mtoto akiitwa kwa sababu ya shida yake, anaondoka na mpira na jina. Mpira utapasuka, ila lile jina shuleni halitamtoka. Tena faida kubwa ya mchezo ni kwamba kwa saa chache hakuna anayekuwa mtoto wa fulani mwenye shida fulani; kuna mamba, kobe na kondakta. Ukiwatenga, umeiua faida hiyo kabla ya siku kuanza.

Zawadi nazo ziangaliwe. Ukigawa vitu uwanjani, mchezo unageuka foleni, wakubwa wanasukuma wadogo, na wazazi wanaanza kugombana. Kama kuna vitu vya kutoa, viachwe shuleni au kwa kikundi cha mtaa vitumike na wote. Picha za watoto zisipigwe wala kusambazwa bila ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na picha ya mtoto akilia au akiwa amechakaa isitumike kuomba fedha hata kama mzazi amekubali.

Na usalama uzungumzwe waziwazi. Wanaojitolea wajulikane ni akina nani na wametoka wapi. Hakuna mtu mzima anayebaki faraghani na mtoto. Kuwe na mtu mmoja anayejulikana kwa watoto wote kwamba ukiona jambo baya unamwendea yeye. Si kwamba kila mgeni ni mbaya, bali panapokusanyika watoto wenye uhitaji, mwenye nia mbaya naye hupatafuta.

Baada ya siku hiyo

Kuna mfano ninaoupenda kutoka mji wa Bristol, Uingereza. Mwaka 2009 akina mama wawili majirani waliomba mtaa wao ufungwe kwa magari baada ya masomo ili watoto wacheze nje. Hapakuwa na jukwaa wala burudani ya kukodi. Majirani walisimama kila mwisho wa barabara, watoto wakatoka na baiskeli na chaki. Jambo hilo liliwezekana kurudiwa, kwa sababu halikuhitaji fedha nyingi wala mgeni rasmi, na mitaa mingine nchini humo ikaiga. Ukubwa wa tukio la siku moja si kitu cha kujivunia kama hakuna anayeweza kulibeba tena mwezi ujao.

Wafadhili hupenda kuuliza ni watoto wangapi walihudhuria. Waulize pia, wiki mbili baadaye, kama ile kamba bado inazungushwa, na nani anaizungusha. Kama mama yule mgeni mtaani sasa anaacha mlango wazi mwanawe akitoka. Kama mwalimu amempa kazi nyingine yule mpanga timu. Kuhesabu haya ni kugumu kuliko kuhesabu vichwa, lakini unaweza kuyaona kwa kutembea mtaani jioni moja na kuwauliza watu.

Watoto wao wana swali moja tu, na huliuliza tukiwa tunakusanya ndoo na kukunja mikeka: "Mnarudi lini?" Miaka ya mwanzo tulikuwa tukijibu "Mungu akipenda, karibuni," na niliwaona wakiondoka wakijua hiyo ni hapana. Siku hizi hatuanzi kufungasha kabla hatujakubaliana na wazazi siku ya mara nyingine. Tunaiandika kwa chaki ukutani, kubwa, na watoto wanaojua kusoma huwasomea wasiojua.